Cheni ya Baiskeli Tuitie Mafuta Gani?

(Mazungumzo ya Afisa Elimu ya Watu Wazima na wanakisomo, baada ya somo la hesabu)

Ndugu wanakisomo,

Wiki iliyopita mama mmoja wa darasa letu alichelewa. Alifika anasukuma baiskeli, gunia la mahindi likiwa nyuma. Cheni ilikatika akiwa anapanda mlima. Pedeli ikakosa nguvu ghafla, naye akaanguka. Mnamwona, mkono bado umefungwa kitambaa. Tulipoitazama ile cheni, ilikuwa nyeusi, imelowa mafuta. Akaniuliza, "Mwalimu, mafuta natia kila siku. Kosa langu ni nini?"

Basi leo tuzungumze habari hiyo.

Cheni ni pingili nyingi zilizounganishwa kwa pini. Unapokanyaga pedeli, kila pingili inajikunja juu ya pini yake. Chuma kinasugua chuma, tena huko ndani, mahali ambapo jicho halifiki. Mafuta yanatakiwa huko. Yale ya nje yanazuia kutu kidogo tu, na yakizidi yanakamata vumbi. Vumbi na mafuta vikichanganyika vinakuwa msasa, kama ule wa seremala. Cheni ya mama yetu haikukosa mafuta. Ililiwa na mchanga.

Sasa, mafuta gani? Wengi tunakwenda kwa fundi pikipiki kuomba oili chafu, kwa kuwa ni ya bure. Hata mimi nilikuwa hivyo nilipotoka chuo cha ualimu. Nilikuwa na kopo zima chini ya kitanda, nikijiona mjanja. Haukupita muda mrefu nikanunua cheni mpya, pamoja na gia ya mbele na ya nyuma, maana meno yalikuwa yamechongoka kama ya papa.

Oili ile imekwisha kazi yake ndani ya injini. Ina masizi, ina asidi, ina chembe za chuma. Tena wataalamu wa afya wanaonya kwamba ikigusa ngozi mara kwa mara kwa miaka mingi, inaweza kuleta magonjwa ya ngozi, hata saratani. Wapo wanaojifuta nayo mikononi na kwenda kula ugali. Tuache.

Mafuta ya alizeti au ya pamba je? Tazameni shingo ya chupa ya mafuta ya kupikia iliyokaa siku nyingi. Mafuta yameganda, yananata kama gundi. Ndivyo yanavyofanya ndani ya cheni. Grisi nayo ni nzuri kwenye gololi za magurudumu, lakini ni nzito, haipenyi hadi kwenye pini. Mafuta ya taa yanapenya upesi, ila hayakai. Hayo ni ya kuoshea tu. Na jamani, mafuta ya taa yasiwekwe kwenye chupa ya soda. Mtoto akiona chupa ya soda anakunywa.

Mzee mmoja ameniuliza habari ya mafuta ya nyonyo. Swali zuri, Mzee wangu. Katika vita vya mwaka 1914 hadi 1918, injini za baadhi ya ndege zililainishwa kwa mafuta hayo. Hayagandi upesi kama ya alizeti. Ubaya wake ni mazito, na vumbi linayapenda. Kama hakuna kingine, yatumike kidogo kidogo na kufutwa vizuri.

Mafuta ya cherehani yanapenya vizuri, ila ni mepesi, mvua moja inayaondoa. Mimi nachagua oili mpya ya injini. Najua mtasema ni ghali. Sikilizeni. Fundi pikipiki akimaliza kumimina oili mpya, anatupa chupa. Ndani yake kuna mabaki, ni oili safi kabisa. Mwombeni chupa hizo badala ya oili chafu. Zigeuzeni kichwa chini juu ya kikopo safi usiku kucha. Chupa chache zitawapa vijiko kadhaa bila senti moja.

Na kinachohitajika ni kidogo sana. Osheni kwanza cheni kwa kitambaa na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto. Iacheni ikauke. Kisha tone moja kwenye kila kiungo, upande wa ndani wa cheni. Zungusheni pedeli kinyumenyume mara nyingi, mafuta yaingie. Halafu futeni nje kwa kitambaa kikavu, futeni kweli kweli, mpaka mkono ukigusa usichafuke sana. Hapo ndipo watu wanapokosea, wanaona uchungu kufuta mafuta waliyotia wenyewe.

Kazi yote inakula kama kijiko kimoja cha chai, yaani mililita 5. Nusu lita ina mililita 500. Gawanyeni wenyewe: ni vijiko 100. Mtu akitia kila baada ya wiki mbili, kwa mwaka ni mara 26. Kwa hiyo hata mkinunua nusu lita dukani, watu wanne mkichanga, itawafikisha karibu mwaka mzima. Wakati wa mvua mtatia mara nyingi zaidi.

Jambo la mwisho ni kupima. Kutoka katikati ya pini moja hadi katikati ya pini inayofuata ni nusu inchi. Hesabuni pingili 24. Cheni nzima ingali mpya, hapo ni inchi 12 kamili. Chukueni futi ya seremala mpime. Mkikuta inchi 12 na moja ya nane, cheni imekwisha, inunuliwe nyingine kabla haijala meno ya gia.

Alhamisi njooni na baiskeli, vitambaa na daftari. Tutapima za wote na kuandika. Mzee wa nyonyo aje na chupa yake, tutaijaribu kwenye cheni yangu.