Chapati za Pasaka



Mimi si mhubiri, ni mpakiaji mizigo. Nitasema machache.

Marko anatueleza kwamba wale wanawake walikwenda kaburini alfajiri na manukato yao, hali wakijua jiwe la mlangoni ni zito kuwashinda. Walikwenda hivyo hivyo. Kufika, jiwe limekwisha ondolewa.

Mnaikumbuka Pasaka ya tarehe 12 Aprili, 2020. Makanisa yamefungwa kwa sababu ya korona, kafyu mpaka saa kumi na moja alfajiri. Nami nimeachishwa kazi, hata barua sikupewa. Mama watoto akaamka akapika chapati kwa unga wetu wa mwisho. Nikamgombeza: kesho tutakula nini? Akasema, leo ni Pasaka. Akapeleka mbili kwa jirani, ambaye kibanda chake kilikuwa kimefungwa. Jirani akarudisha sahani ina sukari. Tukaimba, kila mtu mlangoni pake, hata mimi niliyenuna.

Kazi sikupata mpaka Septemba. Wenzetu wengine hawajapata hata leo. Basi Jumatatu ya Pasaka, asiye na zamu awatembelee, wala asiende mikono mitupu. Majina yao anayo Mweka Hazina.