Sinema ya kartie yetu na kazi ya kukaa pamoja tena

Maneno tuliyosema mbele ya wanachama, Kasongo



Tuliombwa tuseme habari ya sinema ya zamani. Tunajua kuna mtu anacheka moyoni: barabara ya Kabambare iko namna ile, visima havitoshi, na hawa wanatuletea mambo ya filme! Tupeni nafasi kidogo. Njia hii itatufikisha paka kwenye parsele na mashamba, pale tunapogombana kila siku.

Sisi tunaozunguka kwa kazi ya chama tuko watu wa miaka ya thelathini. Sinema ya wakubwa wetu tuliipata kwa masikio. Na tukiwauliza wazee, wanatuambia sinema mbili.

Ya kwanza ni ya wakati wa Wabelgiji. Jioni kitambaa cheupe kinafungwa nje, mashine inawekwa juu ya meza, watu wanakaa chini. Filme zilikuja na misioni ama na gari la serikali, na hazikuja kwa uhuru. Mwaka 1945 serikali ya koloni ilitoa amri kwamba Mkongo asionyeshwe filme ambayo tume yake haijapitisha. Mapadri nao walitengeneza za kwao. Kasai, Padri Albert Van Haelst alitoa vichekesho vya Matamata na Pilipili katika miaka ya 1950. Bukavu, Mapadri Weupe walifanya kazi ya namna hiyo. Walitaka kufundisha usafi na adabu. Watu walichukua walichokipenda. Kule Léopoldville vijana walioangalia filme za cowboy wakajiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill, na wakajitungia luga yao.

Kando ya mashine alisimama mtu ambaye wazee hawamsahau: mfasiri. Filme inasema Kifaransa, ama haisemi kitu. Yeye anaeleza kwa luga ya watu. Akikawia, wanampigia kelele. Akitia chumvi, wanashangilia.

Sinema ya pili ni sale ya video: nyumba ya udongo, mabenchi ya mbao, televisheni moja, kaseti, na grupe inanguruma nyuma. Bruce Lee, filme za Wahindi, filme za makomando. Esanse ikiisha katikati, basi, mpaka kesho. Mtoto asiye na makuta alichungulia kwenye tundu la ukuta. Benchi lile halikuuliza kabila wala dini. Mtu aliketi pale alipopata nafasi.

Kinshasa, sale nyingi kubwa za sinema ziligeuka makanisa. Kwetu vita njo ilifunga mlango. Ilikuja ile ya 1996, halafu ile ya 1998. Grupe zikaporwa, wenye nyumba wakakimbia, na usiku ukawa wakati wa kujificha.

Wengi wetu tulivuka ziwa Tanganyika mpaka Kigoma. Wengine waliishi Nyarugusu, wengine Lugufu mpaka kambi ile ikafungwa mwaka 2009. Kule pia kulikuwa video, na Watanzania walikuwa na mfasiri wao wa sifa, Derek Mukandala, aliyeitwa Lufufu: aliweka sauti yake ya Kiswahili juu ya filme za kigeni. Kwa hiyo mtoto wa kambini alikua akisikia Wachina wanagombana kwa Kiswahili safi, wakati mwenzake aliyebaki huku alilala porini bila hata taa. Hapo njo kumbukumbu zetu ziligawanyika.

Leo tunasikia maneno ya pande mbili. Waliobaki wanasema: «Ninyi mlikula chakula cha HCR, sisi tulikula mizizi; mmerudi, na misaada inawafuata ninyi tena.» Waliorudi wanasema: «Tumekuta mtu amejenga juu ya msingi wa baba yetu.» Wote wanasema kweli, na ndiyo sababu kesi haziishi.

Siku moja tulikaa kwa ajili ya mpaka wa parsele. Toka asubuhi hakuna neno lililosogea. Mzee mmoja wa upande wa waliobaki akasema, kama kwa kupita, kwamba sale ya video ilikuwa pale karibu, mlango ukitazama mwembe. Mzee wa waliorudi akaruka: «Hapana, ndugu yangu! Mlango ulitazama barabara. Mwembe ulikuwa nyuma. Njo pale tulichungulia bila kulipa.» Watu wakacheka. Mama mmoja akasimama, akaonyesha mahali alipokuwa akiuza karanga, na nani alikuwa jirani yake wa kushoto na wa kuume. Kutoka kwenye karanga zake tukapata kona ya parsele.

Kesi haikuisha siku ile. Mzee anaweza kusahau, na ukumbusho hauchukui nafasi ya karatasi. Lakini kwa mara ya kwanza tulipata mashahidi wa pande zote mbili, juu walianza kujibizana juu ya kitu walichokipenda wote.

Kwa hiyo tunaleta mambo matatu mbele yenu.

La kwanza, jioni moja kila mwezi ya sinema ya wazi, zamu kwa zamu katika kartie zetu: projekta, bateri ya jua, kitambaa. Komite iwe nusu waliorudi na nusu waliobaki, na wamama wasiwe wa kupika tu. Filme za vita, hapana. Watoto wetu waliona za kweli. Tumalize mapema, kila mtu afike kwake salama.

La pili, wafasiri wawe vijana wetu, wawili wawili, mmoja kutoka kila upande.

La tatu, kabla ya filme mzee aeleze kartie ilivyokuwa: nani aliishi wapi, njia ilipita wapi. Katibu aandike, na mwezi unaofuata asome mbele ya wote ili makosa yasahihishwe. Daftari hilo halitakuwa la kuhukumu mtu, wala la kuandika nani alifanya nini wakati wa vita. Litatusaidia kujua mashahidi wa kuwaita.

Wafadhili wetu, hatuombi pesa ya kisima iende kwenye filme. Lakini mnajua mlivyoona: pampu ikiharibika, watu wasiosalimiana hawachangi makuta ya kuitengeneza.

Na ninyi wanachama, mkutano ujao anayekumbuka sinema ya kartie yake aje aseme. Asije peke yake. Aje na jirani aliyebaki.