Sindano ya Santuri Ikichakaa

Msikilizaji, kama nyumbani kwenu zimebaki santuri za mwimbaji wa taarab Siti binti Saad, zilizorekodiwa Bombay kuanzia 1928, tafadhali zitunze. Gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, inayozicheza, hutumia sindano ya chuma, na sindano hiyo ni ya upande mmoja tu. Ukigeuza santuri, weka mpya. Ncha yake husagika ikicheza; ukiitumia tena, hukwangua mifereji yenye sauti, na sauti iliyokwanguliwa hairudi tena.

Santuri za plastiki zilizokuja baadaye huchezwa kwa sindano ya almasi, inayodumu takriban saa 500 hadi 1,000. Ukisikia sauti ya “s” inakwaruza, hasa kwenye wimbo wa mwisho karibu na kitovu, isafishe sindano kwanza. Sauti isipopona, badilisha sindano leo.