Kabla ya Kununua, Uliza Kinakula Nini

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya wajumbe wa vikundi vya kujisaidia vya mitaa ya Eastlands, Nairobi. Tumeyaandika hapa kwa ajili ya vikundi ambavyo havikuweza kufika, na hasa vile vya vijijini.)

 

Leo tumeombwa tuzungumze juu ya vyombo vya nyumbani vya zamani: friji, pasi, televisheni, jiko, cherehani. Hakuna mtu hapa ambaye hana hata kimoja. Kingine tulirithi kwa wazazi. Kingine tulinunua Gikomba. Kingine mama aliachiwa na tajiri wake aliyehama. Na kila mara tunasikia maneno haya: "Vitu vya zamani ndivyo vilikuwa vitu! Hivi vya siku hizi ni plastiki tupu."

Maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini sisi wenyewe yalituponza, na yalikaribia kuvunja kikundi kizima. Tuanze na kisa hicho. Kikundi hatutakitaja jina, lakini wenyewe walitukubalia tuseme, ili wengine wasipite njia ile ile.

Walikuwa akina mama kumi na watano. Baada ya mwaka mzima wa merigo, waliweka kando shilingi 12,000 wakanunua friji kubwa ya mitumba. Mpango ulikuwa kuuza maziwa, soda baridi na barafu za watoto katika kibanda chao, ambacho kina mita yake ya tokeni. Sisi tulialikwa siku ya kuinunua. Tuliigonga mlango, tukasikia chuma kizito, tukasema, "Hii ni ya zamani, hii itawazika nyote." Tulicheka. Hakuna aliyeuliza itakula stima kiasi gani. Hata sisi tuliosomea kazi hii hatukuuliza.

Biashara ilikwenda vizuri. Faida ya mwezi ilikuwa kama shilingi 3,000 kabla ya kutoa stima. Mwezi wa kwanza tokeni zilikula shilingi 2,100. Mwezi wa tatu zilikula 2,700. Sasa angalia: akina mama wanaona wateja wanajaa, lakini kwenye mkutano wanaambiwa kilichobaki ni shilingi 300. Na tokeni alikuwa akinunua mama mwekahazina, kwa simu yake mwenyewe. Mnajua watu walisema nini. Walisema amekula pesa.

Alikuja kwetu jioni moja, akaketi, akalia. Akasema, "Mwalimu, nimeishi mtaa huu miaka ishirini. Sasa watoto wangu wanaitwa watoto wa mwizi."

Tuliitisha mkutano. Tulimwomba alete kitabu na simu. Kila ujumbe wa tokeni ulikuwa bado kwenye simu, na kila mmoja ulikuwa umeandikwa kitabuni, tarehe, shilingi na yuniti. Hakukosea hata senti moja. Kweli, mali bila daftari hupotea bila habari, na mama huyu daftari lake ndilo lililomwokoa.

Mwizi alikuwa friji. Mpira wa mlango ulikuwa umepasuka upande wa chini, baridi ikitoka usiku na mchana. Tena ilikuwa imewekwa karibu na jiko la mandazi, na mgongo wake umebanwa ukutani. Injini yake haikupumzika kabisa.

Tuliomba msamaha mbele ya kikundi, kwa sababu sisi ndio tulioisifu. Akina mama nao walimwomba msamaha mwenzao. Alisamehe, akabaki mwanachama. Lakini kitabu alikataa kukishika tena, mpaka leo. Hiyo ndiyo gharama ambayo haiandikwi kwenye risiti.

Basi, tujifunze nini?

Sisi wengi tumetoka kwa watu wanaofuga. Je, mtu akienda kununua ng'ombe, anauliza bei peke yake? La. Anauliza anatoa maziwa kiasi gani, na anakula kiasi gani. Ng'ombe wa bei ya chini anayemaliza boma zima la majani ni ng'ombe ghali. Chombo cha stima ni vivyo hivyo. Bei unalipa mara moja, chakula unalipa kila siku.

Kwanza, tujue bei ya chakula chenyewe. Yuniti moja ya stima ni wati 1,000 zikitumika kwa saa moja. Chukua ujumbe wako wa tokeni, gawanya shilingi ulizolipa kwa yuniti ulizopata. Hapo utajua yuniti moja inakugharimu ngapi kweli, pamoja na kodi zote. Bei hubadilika mwezi hata mwezi, kwa hiyo rudia hesabu. Hapa tutatumia shilingi 30 ili iwe rahisi.

Mkumbuke pia kwamba katika bei zilizopitishwa mwaka 2023, nyumba inayotumia yuniti zisizozidi 30 kwa mwezi iliwekewa bei ya chini, ile ya kutoka 31 hadi 100 bei ya kati, na inayozidi 100 bei ya juu. Chombo kimoja mlafi kinaweza kukutoa daraja la chini, ukalipa zaidi hata kwa balbu.

Pili, tusiviweke vyombo vyote vya zamani katika gunia moja. Kuna aina tatu.

Aina ya kwanza ni vile visivyokula stima kabisa. Cherehani ya kukanyaga kwa mguu, kama Singer ya mama zetu, inataka mafuta kidogo, mkanda na sindano tu. Hiyo usiiuze. Itengeneze, mpe binti yako. Na jiko je? Hapa tuwe macho. Jiko la bati tupu hudumu, lakini linamaliza makaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapa Nairobi lilianza kuuzwa lile jiko lenye udongo ndani, ambalo mafundi wa Jua Kali wanaendelea kulitengeneza hata leo. Likitumiwa vizuri hupunguza makaa kwa karibu theluthi moja au zaidi. Mwaka 2018, ukataji miti katika misitu ya umma ulipopigwa marufuku na bei ya makaa ikapanda, wenye jiko hilo waliona tofauti mfukoni. Udongo ukipasuka na bati bado ni zima, badilisha udongo, usitupe jiko.

Aina ya pili ni vyombo vya kutoa joto: pasi, birika la stima, koili. Hapa msidanganywe na muuzaji. Joto ni joto. Pasi ya zamani ya wati 1,000 inakula sawa na pasi mpya ya wati 1,000. Kwa hiyo pasi nzito ya baba yako ikiharibika, mpelekee fundi abadilishe waya au kifaa cha joto. Lakini waya ukiwa umechubuka, usiufunge kwa karatasi ya nailoni. Watoto wetu wengi wanalala chumba hicho hicho cha kupigia pasi. Badilisha waya wote.

Aina ya tatu ni vyombo vinavyokaa vimewashwa muda mrefu. Hapa ndipo uzee unapokula pesa. Tuanze na kidogo. Balbu ya zamani ya wati 60, ikiwaka saa 5 kila usiku, inakula yuniti 9 kwa mwezi, yaani shilingi 270. Balbu ya LED ya wati 9 inakula yuniti 1 na kidogo, kama shilingi 40. Hiyo ya zamani hata ikiwa nzima, itoe leo. Haba na haba hujaza kibaba, lakini pia hukimaliza.

Televisheni ni tofauti kidogo. Ile ya zamani yenye kisogo, tuseme ni wati 80, na mpya nyembamba wati 40. Kwa saa 5 kila siku, tofauti ni yuniti 6 kwa mwezi, yaani shilingi 180. Kama mpya ni shilingi 12,000, itakuchukua zaidi ya miaka 5 kurudisha pesa hizo. Basi ya nini haraka? Tangu matangazo ya analogi yalipozimwa mwaka 2015, ile ya zamani inataka king'amuzi, lakini ukiwa nacho, itazame mpaka ife yenyewe.

Sasa friji, ambayo haizimwi usiku wala mchana. Tuseme ya mitumba inauzwa shilingi 9,000 na inakula yuniti 2 kwa siku. Kwa mwezi ni yuniti 60, shilingi 1,800. Ndogo mpya ni shilingi 26,000 na inakula yuniti 0.7 kwa siku. Kwa mwezi ni yuniti 21, shilingi 630. Kila mwezi ile rahisi inakula shilingi 1,170 zaidi. Tofauti ya bei, ambayo ni 17,000, inaisha ndani ya miezi 15. Baada ya hapo, ile "rahisi" ndiyo ghali, kila mwezi, mpaka siku utakapoitoa.

"Lakini mwalimu, hiyo 26,000 itoke wapi?" Swali zuri. Hatusemi kila mtu akimbilie dukani. Ndiyo maana tuna vikundi. Mkopo wa kikundi unaweza kulipwa kwa ile 1,170 ambayo ingeenda kwa tokeni. Na kama ni lazima ununue ya mitumba, fanya mambo haya kabla ya kutoa pesa:

1. Funga mlango ukiwa umeweka karatasi katikati, kisha uivute. Ikitoka bila kushikwa, mpira umechoka. Jaribu pande zote nne.

2. Iwashe papo hapo, ukae nayo saa mbili. Friji nzima hupata baridi, kisha injini hunyamaza kidogo kabla ya kuanza tena. Isiponyamaza, ondoka.

3. Soma kibati cha nyuma au cha ndani. Kama gesi ni R12, iache. Gesi hiyo iliharibu tabaka la ozoni linalotukinga na jua. Mkataba wa Montreal wa 1987 uliweka njia ya kuiondoa, na kufikia 2010 nchi zote zilitakiwa ziwe zimeacha kuitengeneza. Ikivuja, fundi atajaza nini? Kama ni R600a, jua kwamba inashika moto, na fundi asichomelee bomba ambalo bado lina gesi.

4. Kwa friji mpya, tafuta lebo ya nyota. Kanuni za mwaka 2016 ziliweka lebo hiyo hapa Kenya. Inaonyesha nyota na yuniti za mwaka mzima. Gawanya kwa 12, upate za mwezi.

Na ile uliyo nayo tayari, isogeze mbali na jiko na jua, acha nafasi nyuma yake, usitie chakula cha moto, na badilisha mpira mapema. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Kile kikundi chetu kilipobadilisha mpira na kuhamisha friji, tokeni zilishuka kutoka shilingi 2,700 mpaka karibu 1,900. Zilishuka, lakini bado zilikuwa nyingi. Mwishowe waliiuza kwa fundi wa spea, wakajipanga kununua ndogo mpya.

Jambo jingine ni la haki. Ploti zetu nyingi zina mita moja, na kila chumba kinachanga sawa. Mwenye balbu moja analipa sawa na mwenye friji na koili. Halafu tunashangaa majirani hawasalimiani! Kaeni pamoja, orodhesheni vyombo, mkubaliane. Anayekula zaidi achange zaidi.

Na ninyi wa vijijini, wengi wenu mliunganishiwa stima baada ya mradi wa Last Mile kuanza mwaka 2015. Sasa sisi wa Nairobi tunanunua friji mpya, na ile mbovu tunaipakia kwenye basi, "tumletee mama nyumbani." Tunadhani ni zawadi. Mzee ambaye hana mshahara anaachiwa mdomo wa kulisha. Tukipeleka kitu, tupeleke kitu kizima, na tuandike kwenye karatasi kinakula shilingi ngapi kwa mwezi. Akisema hataki, tusikasirike.

Ndugu zetu, hatukuja kudharau vitu vya zamani. Fundi anayefufua pasi au cherehani anafanya kazi njema. Tunasema tu, tusipende chuma kwa sababu ni kizito. Tuulize kinakula nini, nani atakilisha, na nani atalaumiwa pesa zikiisha.

Maswali ya kujadili kikundini:

1. Kila mtu ataje chombo kimoja cha zamani alicho nacho. Ni cha aina gani kati ya zile tatu?

2. Yuniti moja ilitugharimu shilingi ngapi mwezi uliopita?

3. Kikundi chetu kikinunua kitu, nani huandika gharama za kila mwezi, na nani mwingine huziona?

Swali la tatu msiliruke.