Farasi Katika Nchi ya Bara Hindi
(Maneno yaliyosomwa barazani)



Tumeombwa tuseme habari za farasi wa Bara Hindi. Huenda mtu akauliza, "Farasi wa watu wa mbali wanatuhusu nini?" Na asubiri kidogo, kwani katika habari hii limo fundisho.

Hapo kale mfalme wa Bara Hindi aliyetaka kujulikana kuwa mkuu kuliko wenzake alifanya kafara ya farasi. Farasi dume mzuri aliachiliwa aende apendako muda wa mwaka mzima, na askari wakimfuata nyuma. Mwenye nchi aliyemwacha apite amekubali kutawaliwa. Aliyemzuia alipigwa vita. Mwaka ulipotimia, farasi akarudishwa, akatolewa sadaka kwa ibada kubwa. Mfalme Samudragupta, aliyetawala katika karne ya 4, alipiga sarafu za dhahabu zenye sura ya farasi huyo, ili watu wajue ya kuwa ameitimiza kafara hiyo.

Mafundi wa mawe nao hawakumsahau. Kule Sanchi, katika lango la mashariki, imechongwa habari ya Buddha alipoiacha nyumba ya baba yake. Farasi wake aonekana akitoka mjini, mwavuli wa kifalme u juu yake, lakini mgongoni hana mtu. Zamani zile mafundi hawakuchonga sura ya Buddha. Farasi asiye na mpandaji alitosha. Kule Konark, katika karne ya 13, Mfalme Narasimhadeva wa Kwanza alijenga hekalu la Jua mfano wa gari kubwa, lenye magurudumu 24 ya mawe na farasi 7 wa kulivuta. Hata katika nembo ya serikali ya India, iliyowekwa mwaka 1950, farasi yumo chini ya miguu ya simba, kama alivyochongwa katika nguzo ya Mfalme Ashoka.

Basi fikirini: katika farasi waliotukuzwa hivyo, wengi hawakuzaliwa katika nchi ile. Wafalme wa kusini hasa, ambako hewa haiwafai farasi, waliwanunua kutoka Hormuz, Aden na Dhofar, wakavushwa bahari kwa vyombo. Marco Polo wa Venice, aliyepita pwani ile katika miaka ya 1290, aliandika ya kuwa mfalme mmoja alinunua zaidi ya 2,000 kila mwaka, na mwaka ukiisha hawakusalia hata 100. Sababu yake, asema, watu hawakujua kuwatunza, wala hawakuwa na waganga wa farasi. Tena wafanya biashara walimzuia kila mganga wa farasi asiende huko, maana farasi wakifa, wao huuza wengine.

Hapo ndipo penye fundisho. Wafalme wale hawakukosa dhahabu wala ushujaa. Walikosa elimu, na mwuzaji aliyeificha akazidi kutajirika. Sisi nasi tununuapo cherehani, au mashine ya kusaga, au ng'ombe wa maziwa, na tuulize kwanza: ni nani kati yetu ajuaye kukitunza kitu hiki? Kama hayupo, na apelekwe kijana akajifunze, kabla fedha haijatoka mkononi.