Tajiri Aliyezungumza na Nafsi Yake

Dominika ya 18 ya Mwaka C
Mhu 1:2; 2:21-23. Kol 3:1-5, 9-11. Lk 12:13-21



Dominika hii hutufikia karibu na mwanzo wa Agosti, wakati ambapo hapa Kasansa, katika bonde la Rukwa, mpunga umekwisha kuvunwa na magunia yamepangwa ndani. Basi mfano wa tajiri aliyetaka kubomoa ghala zake ajenge kubwa zaidi hauhitaji mfasiri miongoni mwetu. Lakini leo hatuna budi kuanzia kwenye somo la kwanza, maana ndilo lililozua swali.

Kijana mmoja wa hapa, aliyerudi likizo, alitujia baada ya Misa akiwa na kitabu mkononi. Kilikuwa Kichwamaji, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iliyotoka mwaka 1974. Akasema: "Padre, Mhubiri anatangaza kwamba yote ni ubatili, nasi tunaitikia kwa kumshukuru Mungu. Kazimoto wa kitabu hiki anasema yayo hayo, nanyi mnasema amepotea. Tofauti yao ni nini?" Hakuuliza kwa utani. Tangu alipomzika mdogo wake, alituambia, halii wala hafurahi. Kila jambo huliona kana kwamba linampata mtu mwingine. Ametupa ruhusa kuyasema haya mbele yenu.

Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma katika seminari ya Nyegezi, akafundisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akafariki mwaka 2020. Kazimoto wake ni msomi wa chuo kikuu ambaye mauti yanaingia nyumbani kwao, naye asione maana ya kuishi, mwishowe anajiua. Wapo wanaotaka vijana wakatazwe vitabu vya namna hii, na Rosa Mistika ya mwandishi huyo huyo iliwahi kupigwa marufuku mashuleni. Sisi hatuungani nao. Anayeutaja ugonjwa siye aliyeuleta. Wala ugonjwa huu si wa kwetu peke yetu. Mwaka 1942 Albert Camus, Mfaransa aliyezaliwa Algeria, alitoa riwaya ambayo jina lake kwa Kiswahili ni Mgeni. Mhusika wake mkuu anamzika mama yake bila kudondosha chozi, na kesho yake anakwenda kuogelea baharini.

Sasa, wapendwa, tumtazame tena yule tajiri wa Injili. Katika maneno yake yote hamtaji mke, wala mtoto, wala jirani, wala kibarua aliyevuna naye. Anajiuliza mwenyewe na kujijibu mwenyewe. Sauti nyingine inayosikika ni moja tu, ya Mungu, nayo inamkuta usiku. Kazimoto naye, pamoja na elimu yake, mawazo humzunguka kichwani kama moshi katika nyumba isiyo na dirisha.

Mhubiri je? Maneno yake ni machungu kama ya hao wengine. Lakini jina lake la Kiebrania, Kohelethi, lamaanisha mtu asemaye mbele ya kusanyiko. Hakujifungia na uchungu wake. Aliusema mbele ya watu na mbele ya Mungu, na kusanyiko halikumnyamazisha, bali limeyatunza maneno yake mpaka leo. Hapo ndipo ilipo tofauti. Huzuni iliyopata wa kuisikiliza imekwisha kuanza kuwa sala.

Tunao ushahidi karibu. Katika Algeria hiyo hiyo, Mapadre Weupe walimkomboa mtoto aliyetekwa Afrika Magharibi na kuuzwa utumwani, Adriano Atiman. Nani angemlaumu kama moyo wake ungekufa ganzi? Alisomea uganga huko Malta, akafika Karema, mkoani humu humu Katavi, mwaka 1889, akawa mganga na katekista kando ya Ziwa Tanganyika hadi kifo chake mwaka 1956. Mtu aliyenyang'anywa watu wake wote alitumia miaka 67 akiinama juu ya vidonda vya watu ambao hapo kwanza walikuwa wageni kwake.

Ninyi makatekista, mnaotangulia kuitwa penye msiba, msimkimbilie mfiwa na hoja. Kaeni naye. Mkiona ganzi yake inadumu, halali, hali, anataja kifo, msimwache peke yake. Mpelekeni hospitali pasipo aibu, kwa kuwa roho nayo huugua. Na ikitokea mtu amejiua, msiipe mgongo nyumba ile. Katekisimu ya mwaka 1992 yafundisha kwamba uhai si mali yetu kuukatisha; lakini yafundisha pia kwamba mahangaiko makubwa ya akili hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Kanisa humwombea.

Kijana wetu hatukumpa jibu siku ile. Tulimwomba atusimulie habari za mdogo wake. Alianza polepole, akaeleza jinsi walivyokuwa wakiamia ndege pamoja shambani, mdogo akipiga debe, yeye akirusha kombeo. Hakulia. Lakini alizungumza mpaka jua likatua, na Jumapili iliyofuata alirudi.

Tumwombe Mungu atujalie, katika mavuno haya, ghala lisilozidi upana wa mlango wetu kwa jirani. Amina.