Majina Yetu na Koo Zetu
(Hotuba iliyotolewa na mwanafunzi wa zamani katika mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya majina. Kazi yangu serikalini ni ya mafaili, na katika faili jina ndilo mtu mwenyewe.

Hapa chini ya Mlima Meru, ukiita "Mollel!" sokoni, watageuka watu wengi. Mollel, Laizer, Lukumay na Kivuyo ni koo za Waarusha. Kaaya, Mbise, Nnko, Pallangyo na Nassari ni za Wameru. Babu zetu walijua koo zao vizuri. Lakini mtu aliitwa kwa jina lake na la baba yake. Kanisa, shule na ofisi ndizo zilizodai jina la mwisho. Basi mmoja akaandika ukoo, nduguye akaandika jina la baba, na wa tatu jina la babu.

Matokeo yake tunayaona kwenye mirathi. Watoto watatu wa baba mmoja wanafika, na karatasi zinasema si ndugu. Hapo hutafutwa hati za kiapo na wazee wa kuthibitisha. Mzee aliyejua akiwa amekwisha kuzikwa, shamba la kahawa na migomba huzaa kesi.

Jambo hili si letu peke yetu. Wafaransa waliohamia Kanada katika karne ya 17 walikuwa na jina la ukoo, na wengi wao, hasa askari, jina la utani pia. Watoto wengine walifuata la kwanza, wengine la pili. Wajukuu wao leo hufunua vitabu vya parokia ili kuziunganisha familia hizo. Na vitabu vile vina jambo jema: mwanamke aliyeolewa aliandikwa kwa jina la ukoo wa baba yake.

Sisi tuna nini? Tuna vitabu vya ubatizo vya makanisa, kwani misheni ya Kilutheri ilianza Nkoaranga mwaka 1902 na Ilboru mwaka 1904. Tena Waarusha wana marika: Talala, Terito, Nyangusi, Seuri, Makaa. Nilipofuatilia ukoo wetu, hakuna aliyejua mwaka aliozaliwa baba wa babu yangu. Mzee mmoja alijua tu kwamba alikuwa Talala. Hilo lilitosha. Morani wa Talala ndio waliokabiliana na Wajerumani mwaka 1896. Basi alizaliwa yapata miaka ya 1870.

Upande wa bibi nilikwama. Katika karatasi zetu yeye ni "mama fulani" tu. Ukoo wake niliupata kwa dada yake, ajuza asiyejua kusoma, aliyenitajia vizazi vinne bila kusita.

Vijana, likizo inakuja. Chukueni daftari. Andikeni jina la babu, rika lake, ukoo wake. Kisha jina la bibi na ukoo aliotoka. Na mkijaza fomu za mitihani au za kitambulisho, kubalianeni na ndugu zenu jina moja la mwisho. Wazee hawatungojei.